Beto ya kando ya reli: nani aliimwaga, nani aliitunza, nani ataitengeneza?

KABONDO-DIANDA (Haut-Lomami) – Katika miji iliyokua kando ya reli kati ya Bukama na Kamina, biashara inafanyika juu ya beto. Mafuta ya mawese yanapimwa kwenye barza ya duka. Samaki wa Lualaba wanapangwa kwenye sakafu ya depo. Mahindi na muhogo vinashushwa kituoni, vikisubiri gari la moshi ambalo saa yake haijulikani. Na familia inayofika usiku, imekimbia vita au maji, hulala kwanza juu ya beto hiyo hiyo kabla ya kupata mtu wa kuipokea.

Beto hiyo, ambayo wengine huiita zege, imezeeka. Mahali pengi imepasuka, imezama upande mmoja, au imebaki mashimo yanayoshika maji. Mwenye duka husema ni kazi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema ni kazi ya serikali. Serikali nayo iko mbali. Ili kujua nani aitengeneze, na namna gani, inafaa kwanza kujua ilikuja vipi.

Kabla ya simenti

Biashara katika nchi hii haikungoja simenti. Katika bonde la Upemba, karibu na Ziwa Kisale, watu walizikwa na vyungu vizuri, vitu vya chuma na mapambo ya shaba tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga yalichimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, na uchunguzi ukaendelea miaka ya 1970. Yalionyesha kwamba kati ya karne ya 8 na karne ya 13 kulikuwa na jamii yenye ufundi na utajiri kando ya maziwa hayo. Baadaye misalaba midogo ya shaba ilitumika kama fedha. Samaki, chumvi, shaba na chuma vilipita mkono kwa mkono, na juu ya biashara hiyo ulisimama ufalme wa Waluba.

Sakafu ya siku zile ilikuwa udongo. Udongo wa kichuguu ulipendwa kuliko mwingine: ni laini, unashikamana, ukilowanishwa na kupigwa vizuri hukauka ukawa mgumu. Hadi leo udongo huo hutumika katika Katanga kufyatulia matofali. Sakafu ya namna hiyo ilikuwa na sharti moja: kila baada ya mvua ilipakwa na kupigwa upya. Hakuna aliyedhani kwamba ingejitunza yenyewe. Mwanamke aliyeanika mihogo yake pale alijua kwamba kuitunza sakafu ni sehemu ya kazi, kama kufagia.

Huko pwani ya Waswahili mafundi walikuwa na njia nyingine. Walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga na kokoto za matumbawe, wakajenga sakafu, kuta na mapaa ya kuba. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa hivyo karne nyingi kabla ya kiwanda chochote cha simenti. Hao nao walirudia kupaka chokaa kila mara, kwa sababu mvua ya pwani haisamehe.

Simenti inakuja na gari la moshi

Simenti inayotumika leo ilipata hati yake Uingereza mwaka 1824, mikononi mwa mwashi aliyeitwa Joseph Aspdin. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja katika joto la karibu digrii 1,450, kisha husagwa. Miaka ya 1860 Mfaransa Joseph Monier alianza kutia vyuma ndani ya beto, ili iweze kuvumilia kuvutwa na kupindwa. Ufundi huo ulikuwa bado mpya Ulaya reli ilipoanza kuingia Katanga.

Reli ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Ikaendelea kaskazini hadi Bukama mwaka 1918. Hapo mizigo ilipakiwa katika mashua za mvuke zilizoshuka na mto Lualaba. Kisha kampuni ya BCK ikajenga njia kutoka Bukama kupita Kamina hadi Kasai, mpaka bandari ya Port-Francqui, sasa Ilebo. Njia hiyo, yenye kilomita zaidi ya 1,100, ilifunguliwa mwaka 1928, na Mfalme Albert I wa Ubelgiji akaja mwenyewe kuizindua. Kabondo-Dianda iko juu ya njia hiyo.

Njia haikujengwa na wafalme. Ilijengwa na vijana waliokusanywa vijijini, wengi kwa kulazimishwa na machifu waliowekwa na dola. Katika Katanga kulikuwa na ofisi maalumu ya kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail, tangu mwaka 1910, na nchi ya Lomami ilikuwa mahali pake pa kuvunia watu. Wao ndio waliobeba mawe, wakavunja kokoto kwa nyundo, wakachanganya mchanga na simenti kwa koleo. Ukiangalia beto ya zamani iliyovunjika kando ya reli, kokoto zilizomo ndani zilipita mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali.

Mwanzoni simenti ilitoka ng'ambo ikiwa ghali sana. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha simenti kikaanzishwa Lubudi, kwenye njia hiyo hiyo ya reli, kusini ya Bukama. Mawe ya chokaa yalikuwa hapo, makaa ya mawe yalikuwa karibu huko Luena, na reli ilipita mlangoni. Toka hapo simenti ikaweza kupanda gari la moshi asubuhi ikashushwa kituo chochote cha kaskazini. Hii ndiyo sababu miji ya reli ikapata beto mapema kuliko miji mingi iliyo mbali na njia: sakafu za depo, misingi ya matanki ya maji, mifereji, barza za maduka.

Maduka yenyewe yalikuwa ya Wagiriki, Wareno, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, na baadaye wenyeji wachache. Mfano wake ulikuwa mmoja karibu kila mahali: chumba kirefu, nyuma depo, mbele barza ya beto iliyoinuliwa kutoka ardhini, na paa lililotokeza juu yake. Barza ilikuwa na kazi tatu. Iliweka bidhaa mbali na maji ya mvua. Ilimpa mteja kivuli. Na ilionyesha nani anaingia na nani anasimama nje: katika miaka hiyo, mara nyingi mteja Mwafrika alihudumiwa dirishani, miguu yake juu ya beto ambayo ndugu zake waliimwaga.

Siku za kikosi

Wazee husema kazi ya zamani ilikuwa imara kwa sababu Wabelgiji walijua kujenga. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kazi hiyo haikuachwa peke yake. Reli yoyote huishi kwa vikosi vya matengenezo: watu wa zamu wanaotembea njia, wanaokaza misumari, wanaosafisha mifereji, wanaoziba nyufa kabla ya masika. Kampuni ilikuwa na ghala la simenti, ilikuwa na waashi wa mshahara, na ilikuwa na daftari. Mfereji ukiziba, kuna aliyeulizwa.

Miaka ya 1950 kazi iliongezeka. Kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, yenye viwanja vya ndege vya beto, ilijengwa kuanzia mwaka 1949. Njia ya Kamina hadi Kabalo ilimalizika mwaka 1956, na Kamina ikawa njia panda. Umeme wa reli ulifika Kamina kabla ya uhuru. Vijana wengi wa Haut-Lomami walijifunza umasoni katika kazi hizo. Walijifunza kupima kwa ndoo, kusoma nivo na kumwagia maji beto iliyomwagwa jana. Ufundi huo walirudi nao nyumbani, na ndio uliojenga shule, misheni na maduka ya baadaye.

Jinsi mnyororo ulivyokatika

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Kaskazini, Waluba waliomfuata Jason Sendwe na chama cha Balubakat walikataa. Vita vilipita Bukama, Luena na vijiji vya njiani hadi Januari 1963. Huko Elisabethville makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1961, na mwaka 1962 wakarudishwa kaskazini na Kasai. Katika miaka kama hiyo hakuna anayeziba nyufa za barza.

Amani iliporudi, likaja pigo la aina nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Wengi waliopewa hawakuwa wafanyabiashara, walikuwa watu wa chama na wa dola. Waliuza bidhaa zilizokuwemo, hawakununua nyingine, na baadhi walifunga milango. Serikali ilianza kurudi nyuma miaka michache baadaye, lakini maduka mengi hayakufufuka. Mwaka huo huo wa 1973, tarehe 20 Julai, sheria ya ardhi ilikuwa imesema kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Majengo yakabaki na wenyewe kwenye karatasi, lakini mara nyingi hakuna aliyejua mwenyewe ni nani: aliyeondoka, aliyepewa, aliyekodi au aliyekuta mlango wazi.

Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, na baadaye ikaja SNCC. Kila miaka ilivyopita, mishahara ilichelewa zaidi na ghala la simenti likabaki tupu. Kiwanda cha Lubudi hakikuweza tena kushibisha njia. Mikosi ya kuporwa kwa miji mwaka 1991 ikamaliza imani ya wafanyabiashara waliobaki.

Kisha likaja jambo ambalo beto ya kituo haikujengewa. Baada ya Agosti 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao Likasi, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga, baba zao waliletwa kufanya kazi ya migodi na reli. Maelfu walilala kituoni Likasi kwa majuma na miezi, juu ya beto, wakisubiri gari la moshi. Watoto na wazee walikufa hapo kwa magonjwa na njaa. Magari ya moshi yaliyowachukua kwenda Mwene-Ditu yalipita njia moja tu iliyopo, yaani Tenke, Bukama, Kabondo-Dianda na Kamina. Vituo vyote vya njiani viliwaona.

Haikuwa mara ya mwisho. Miaka ya 2005 na 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai katika Mitwaba, Pweto na Manono yaliwaondoa watu zaidi ya laki moja. Baadhi walifika upande wa Bukama. Wengine walijificha katika visiwa vya majani vinavyoelea juu ya Ziwa Upemba. Na Lualaba, unapofura, haumwulizi mtu kabila lake.

Hivyo sakafu za biashara zimekuwa pia sakafu za wakimbizi. Hakuna aliyeandika jambo hilo kwenye ramani ya jengo, lakini ndivyo ilivyo. Mama anayelaza mtoto juu ya beto yenye shimo la maji analijua kuliko mhandisi.

Beto inakufaje

Watu wengi hudhani beto ni jiwe, na jiwe halihitaji kutunzwa. Lakini beto ina maadui, na katika mji wa biashara wa Haut-Lomami maadui hao wanajulikana kwa majina.

Wa kwanza ni maji. Mvua inayotoka kwenye paa bila mfereji huchimba udongo chini ya ukingo wa barza. Beto inabaki ikining'inia bila kitu chini yake. Siku mtu anapoviringisha pipa la mafuta la lita 200, lenye uzito unaopita kilo 180, ukingo unakatika. Watu husema pipa limevunja barza, lakini aliyeivunja ni maji ya miaka mitano.

Wa pili ni mafuta ya mawese. Mafuta yanayomwagika kila siku huwa na asidi, na asidi hiyo hula chokaa iliyo ndani ya simenti. Juu panakuwa laini, panateleza, kisha panabomoka kama mkate mkavu. Ndiyo maana mahali pa kupimia mafuta huchakaa kabla ya mahali pengine pote pa duka.

Wa tatu ni chumvi. Maji ya samaki wa chumvi huingia kwenye nyufa na kufikia vyuma. Chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba hupasua beto kutoka ndani. Vipande vinapodondoka chini ya ukingo wa barza na vyuma vyekundu vinaonekana, ugonjwa ulianza zamani.

Wa nne ni haraka ya mtu mwenyewe. Beto iliyomwagwa bila viungo vya kupumulia, bila kupigwa vizuri, au iliyoachwa ikauke juani siku hiyo hiyo, huzaliwa na nyufa.

Katika nchi ya Upemba kuna hatari nyingine inayopita hasara ya duka. Bukama, Kikondja na Malemba-Nkulu zinajulikana kwa kipindupindu, ambacho kilienea mashariki ya nchi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakijaondoka. Sakafu nzima yenye mteremko mdogo huoshwa ikakauka. Sakafu ya mashimo hushika maji ya samaki, na miguu ya watoto hupita humo humo. Shimo la sokoni si aibu ya mwenye duka tu.

Kiraka kibaya

Hata anayetaka kutengeneza anaweza kuharibu. Zanzibar imetoa somo kubwa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilichanganya mawe ya matumbawe, chokaa, beto na vyuma. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Bado, sehemu ya barza za jumba hilo ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, ikaua watu wawili. Mafundi wa Mji Mkongwe walikwisha kuonya kwa miaka mingi kwamba simenti ngumu ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani. Ukuta unaonekana mpya kwa nje huku unaoza kwa ndani.

Huku bara kosa ni dogo lakini ni la jamii moja: simenti nyembamba kama karatasi inapakwa juu ya vumbi na mafuta ili kuficha ufa. Baada ya mvua mbili inabanduka. Mwenye duka anasema simenti ya siku hizi ni mbaya. Mara nyingine ni kweli, kwa sababu mfuko uliokaa depo penye unyevu hushika maji na kuwa mabonge. Lakini mara nyingi simenti haina kosa. Imewekwa juu ya kitu ambacho haiwezi kushikamana nacho.

Njia waliyojifunza masoni wa miaka ya 1950 bado ni ile ile. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, uyageuze. Bila hivyo kazi yote ni bure. Pili, kata sehemu mbovu mpaka ufikie beto nzuri, na kingo ziwe wima, zisiwe za kuchongoka kuelekea sifuri, kwa maana ukingo mwembamba hauishi. Kiraka kisipungue unene wa vidole vitatu. Tatu, kama vyuma vinaonekana, visugue kwa brashi ya chuma mpaka kutu iishe, na beto iliyo nyuma yake itolewe. Nne, osha mafuta kwa sabuni na maji ya moto, kisha ondoa vumbi lote, na shimo lilowane tangu jana yake bila kuacha dimbwi. Tano, paka uji mzito wa simenti, na kabla haujakauka weka beto: ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga safi, 3 za kokoto ndogo. Mfuko wa kilo 50 hauhitaji maji zaidi ya lita 25. Anayeongeza maji ili kazi iwe rahisi anapunguza nguvu ya beto kwa mkono wake mwenyewe. Sita, ipige, inyooshe kwa nivo yenye mteremko mdogo kuelekea nje, kisha ifunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Mizigo mizito isubiri hadi siku ya 28.

Kwa sakafu mpya, kila mita 3 hivi wekwe kiungo, ili beto ikitaka kupasuka ipasuke pale ilipoagizwa.

Hesabu nayo inasema jambo. Shimo la mita moja ya mraba, lenye kina cha sentimita 5, hutaka karibu theluthi moja ya mfuko wa simenti. Barza ya mita 10 kwa 2, ikifikia kuvunjwa na kumwagwa upya kwa unene wa sentimita 10, hutaka mifuko 14 au 16, pamoja na mchanga, kokoto na siku za kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa na bei ya simenti ya leo, lakini hesabu yao ilikuwa sawa.

Nani alipe?

Juu ya karatasi, jibu lipo. Sheria ya mikataba inayotumika Kongo ni ya zamani, ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, lakini bado ina nguvu. Inamtaka mwenye jengo kulikabidhi likiwa katika hali nzuri na kufanya matengenezo makubwa, huku mpangaji akibeba yale madogo ya kila siku. Sheria mpya ya upangaji, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inahusu nyumba zisizo za kazi. Haigusi maduka. Kwa hiyo ufa unaotokana na msingi uliozama si mzigo wa mpangaji, na shimo lililochimbwa na mapipa yake si mzigo wa mwenye nyumba. Mapatano yanayoandikwa siku ya kuingia, yenye hali ya sakafu, paa na mfereji, huzuia kesi nyingi.

Lakini historia ya njia hii inaonyesha kwamba karatasi haitoshi. Mwaka 1973 karatasi zilibadilisha wenye maduka kwa usiku mmoja, na barza zikaanza kufa. Udongo wa kichuguu ulidumu kwa sababu kila mvua kulikuwa na mkono wa kuupiga. Beto ya BCK ilidumu kwa sababu kulikuwa na kikosi na daftari. Kilichokosekana baadaye si simenti kwanza. Alikosekana mtu anayejua kwamba ufa huu ni wake.

Kikosi hicho kinaweza kurudi kwa umbo dogo. Wenye maduka wanaopakana wana mfereji mmoja. Wakiusafisha kwa zamu kabla ya Oktoba, mvua inapoanza, wameokoa barza zote za upande huo. Wakichangia mifuko miwili ya simenti kila kiangazi, mashimo madogo hayatafikia kuwa makubwa. Na kati ya familia zilizohamishwa kuna masoni, wavunja kokoto na vijana wenye nguvu ambao wamejifunza kazi hiyo Kolwezi, Likasi au Malemba. Mara nyingi wanapewa kazi ya kubeba tu, kwa sababu wanahesabiwa kuwa wageni. Fundi anayelala juu ya barza mbovu, huku mwenye barza anatafuta fundi mbali, ni hasara ya pande mbili. Kazi ya kulipwa, hata ya siku tatu, humpa mgeni chakula na humpa mji sakafu. Pia humpa jina: kesho hawamwiti tena mkimbizi, wanamwita yule masoni wa mfereji.

Watu waliomwaga beto ya kwanza hapa hawakuulizwa kama wanataka, na hawakupewa nafasi ya kuketi juu yake. Wajukuu wao leo wanauza, wananunua na kulala juu yake. Kiangazi ndicho kipindi cha kuitengeneza, maana udongo umekauka na nyufa zinaonekana wazi. Anayetaka kuanza hahitaji mhandisi siku ya kwanza. Atembee barza yake mvua ya mwisho inapokatika, aone maji yamesimama wapi, na apige alama ya mkaa. Hapo ndipo kazi ilipo.